Mbegu zilizoota gizani: uchambuzi wa kisa cha taa ya kijani na fitokromu A

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika maabara moja ya chuo inayochunguza jinsi mbegu zinavyoamua wakati wa kuota. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa, na hatua zisizogusa kiini cha jambo zimefupishwa. Wahusika ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, fundi wa maabara mwenye uzoefu mrefu, na mtafiti aliyewasimamia wote wawili. Nimekichagua kwa sababu hitilafu iliyoonekana kuwa ya utaratibu tu ilikuja kuonyesha, kwa uwazi ambao majaribio mengi yaliyopangwa hayaufikii, kwamba uwezo wa mmea wa kuhisi mwanga hubadilika kadiri saa zinavyopita, hata pale ambapo kwa macho yetu hakuna kilichobadilika.

Mmea uliotumika ni Arabidopsis thaliana, gugu dogo la jamii ya kabichi ambalo maabara nyingi hulitumia kuchunguza jeni za mimea. Mbegu yake ina urefu wa takriban nusu milimita na akiba yake ya chakula ni ndogo mno. Ikiota ikiwa imefukiwa chini sana, mche huishiwa nguvu kabla ya kufika juu. Ndiyo maana mbegu hiyo, hata ikipata maji na joto la kutosha, husubiri ishara ya mwanga kwanza.

Ishara hiyo hupokelewa na protini ziitwazo fitokromu. Kila fitokromu imefungamana na molekuli ndogo yenye rangi, na molekuli hiyo ndiyo inayonasa fotoni, yaani chembe za mwanga. Katika umbo la kwanza, liitwalo Pr, protini hunasa zaidi mwanga mwekundu wa karibu nanomita 660. Fotoni ikinaswa, kifungo kimoja cha molekuli ya rangi hugeuka, protini nzima hujipanga upya, na umbo la pili, Pfr, hupatikana. Pfr ndilo umbo lenye kufanya kazi, nalo hunasa zaidi mwanga mwekundu wa mbali, wa karibu nanomita 730, ambao huirudisha protini katika Pr.

Mwaka 1952, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao huko Beltsville, Marekani, walionyesha jambo hili kwa mbegu za saladi kabla fitokromu yenyewe haijaonekana na mtu yeyote. Waliziangaza mbegu kwa mwanga mwekundu na mwekundu wa mbali kwa zamu, mara nyingi mfululizo, wakakuta kwamba mwanga wa mwisho ndio unaoamua: ukiwa mwekundu mbegu huota, ukiwa mwekundu wa mbali hubaki zimelala. Kanuni hiyo imefundishwa tangu hapo kwa vizazi vya wanafunzi, na mwanafunzi wa kisa hiki aliijua vizuri. Alichokuwa bado hajakipa uzito ni kwamba Arabidopsis ina fitokromu tano, A hadi E, na kwamba kanuni ya mwanga wa mwisho haizitawali zote kwa namna moja.

Mpango wa awali na mabadiliko yake

Lengo la mwanafunzi lilikuwa kulinganisha mbegu za mavuno mbalimbali na kuona kila vuno linahitaji mwanga mwekundu kiasi gani ili liote. Katika utaratibu wa kwanza, mbegu zililowekwa kwenye karatasi yenye maji ndani ya visahani, zikaangazwa mapema kwa mwekundu wa mbali ili kufuta Pfr yoyote iliyobaki ndani yake tangu zilipokuwa kwenye mmea mama, kisha baada ya takriban saa 3 za kuloweka zikapewa mwanga mwekundu wa kiasi tofauti na kurudishwa gizani. Kundi la ulinganisho lilibaki gizani muda wote uliofuata.

Matokeo yalikuwa safi. Zilizopata mwekundu ziliota, zilizopata mwekundu kisha mwekundu wa mbali hazikuota, na zile za gizani zililala. Tatizo lilikuwa kwamba mbegu za vuno moja zilitofautiana sana zenyewe kwa zenyewe, na mwanafunzi alidhani kwamba baadhi yake zilikuwa bado hazijanyonya maji sawasawa wakati zinapoangazwa. Kwa hiyo akaurefusha muda wa kuloweka hadi saa 48. Kwa kuwa muda huo mrefu uliruhusu ukungu kuota kwenye baadhi ya visahani na karatasi kukauka pembezoni, aliongeza pia hatua ya kuvifungua mwishoni mwa saa hizo 48, kuviongezea maji na kuondoa vilivyoharibika. Kazi hiyo aliifanya chini ya taa hafifu ya kijani, ambayo maabara hiyo ilikuwa ikiiita taa salama.

Msomaji ashike kwamba mabadiliko yaliingia mawili kwa pamoja: muda mrefu wa kuloweka, na kufungua visahani chini ya taa.

Yaliyotokea

Katika utaratibu mpya, kundi la gizani lilianza kuota. Hazikuwa mbegu moja mbili za bahati. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba ulinganisho na makundi yaliyopata mwanga mwekundu ulipoteza maana.

Dhana ya kwanza ilikuwa umri wa mbegu, kwa kuwa mbegu zilizohifadhiwa kavu kwa miezi hupunguza hatua kwa hatua kiwango chao cha kulala na haja yao ya mwanga. Mbegu changa za mavuno yaleyale zilijaribiwa, nazo zikaota gizani vilevile. Dhana ya pili ilikuwa naitreti, chumvi ya nitrojeni ndani ya maji, ambayo huchochea kuota hata ikiwa kidogo, lakini maji yalipobadilishwa hakuna kilichopungua. Dhana ya tatu ilikuwa joto ndani ya sanduku, nalo lilipopimwa lilikuwa palepale. Dhana hizi zote zilikuwa za busara. Hata hivyo zilijaribiwa moja baada ya nyingine, kila moja ikisubiri siku kadhaa za mbegu kuota, na muda mwingi ukapotea kwa mfuatano huo.

Aliyelifungua jambo ni fundi. Yeye alikuwa na desturi ya kuacha visahani vichache vikiwa vimefungwa kwa karatasi ya alumini tangu mwanzo hadi siku ya kuhesabu, bila kuvigusa, ingawa mpango haukumtaka afanye hivyo. Alipovifungua pamoja na vingine aliona kwamba mbegu za ndani yake karibu zote zilikuwa zimelala. Tofauti pekee kati ya visahani hivyo na vile vya kundi la gizani ilikuwa zile dakika chache chini ya taa ya kijani.

Mwanafunzi alikubali mara moja kwamba taa ndiyo chanzo, akafikiri kwa kufuata kanuni ya mwaka 1952: ikiwa taa ya kijani imezalisha Pfr kidogo, basi mwekundu wa mbali ukitolewa mara tu baada ya kufunga visahani utaifuta, na mbegu zitarudi kulala. Akafanya hivyo kwa kundi zima. Kuota hakukupungua. Kuliongezeka, na hata visahani ambavyo havikuona taa ya kijani kabisa, lakini vikapata mwekundu wa mbali baada ya saa 48, viliota kwa wingi. Mwanga uleule uliokuwa ukizilaza mbegu hizohizo katika saa za mwanzo sasa ulikuwa unaziamsha.

Maamuzi na sababu zake

Mwanafunzi alitaka kuyatupa matokeo hayo na kurudi kwenye utaratibu wa saa 3, na sababu yake ilikuwa ya maana: ule ulikuwa unafanya kazi, na swali lake halikuhusu taa. Msimamizi alikataa. Alisema kwamba matokeo yanayokwenda kinyume kabisa na utabiri hayafanani na uchafu wa majaribio, kwa sababu uchafu huongeza mtawanyiko, haugeuzi mwelekeo. Naona huu ndio uamuzi uliokiokoa kisa kizima, nao ulikuwa mgumu kwa sababu ratiba ya mwanafunzi ilikuwa imebana.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukagua chanzo cha mwanga kabla ya kuishuku mbegu. Iwapo kichujio cha taa ya mwekundu wa mbali kingekuwa kimechakaa na kupitisha mwekundu wa kawaida, maelezo yangekuwa rahisi na jambo lingeishia hapo. Taa ilipimwa kwa chombo kinachoonyesha kiasi cha mwanga katika kila urefu wa wimbi, na kichujio kikakutwa kizima.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuuliza swali moja kwa moja kwa jeni. Mbegu za aina tatu ziliwekwa pamoja: za kawaida, zilizokosa fitokromu A, na zilizokosa fitokromu B. Kila aina iligawanywa katika makundi yaliyopata giza tupu bila kufunguliwa, taa ya kijani peke yake, au mwekundu wa mbali peke yake, yote baada ya saa 48. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kila dhana ilitabiri kitu tofauti. Kama tatizo lilikuwa Pfr ya fitokromu B iliyoachwa na taa ya kijani, mbegu zisizo na B zingelala. Kama lilikuwa fitokromu A, basi mbegu zisizo na A ndizo ambazo zingelala katika makundi yote, na zile zisizo na B zingeendelea kuamshwa hata na mwekundu wa mbali.

Matokeo

Mbegu zisizo na fitokromu A zililala chini ya taa ya kijani na chini ya mwekundu wa mbali pia. Zile zisizo na fitokromu B ziliitikia mwanga wote wawili karibu sawa na mbegu za kawaida. Katika giza tupu, aina zote tatu hazikuota isipokuwa chache.

Baada ya hapo maabara iliondoa taa ya kijani katika kazi zote za mbegu zilizoloweka muda mrefu. Visahani vinavyolazimika kufunguliwa hufunguliwa sasa kwa kutumia miwani ya kuonea gizani na mwanga wa infraredi wa zaidi ya nanomita 900, ambao fitokromu hazinasi kwa kiwango chenye athari. Data zote za awali za utaratibu wa saa 48 zilifutwa kwenye kazi ya mwanafunzi, na swali lake la mavuno likagawanywa mara mbili, sehemu ya fitokromu B na sehemu ya fitokromu A, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu kimoja cha kuitwa haja ya mwanga ya mbegu.

Uchambuzi: ni nini kilichobadilika ndani ya mbegu

Mbegu kavu tayari ina fitokromu B, lakini fitokromu A ndani yake ni kidogo sana. Mbegu inapoloweka gizani, fitokromu A hutengenezwa na kujilimbikiza saa baada ya saa, kwa sababu katika umbo la Pr protini hiyo haivunjwi upesi. Kwa hiyo mbegu ya saa 3 na mbegu ya saa 48, ingawa zimelala kwenye karatasi moja na katika giza moja, zina vitambuzi tofauti. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 1996 vipimo vilivyoweka tofauti hiyo katika tarakimu: mwitikio wa fitokromu B, ule unaoweza kugeuzwa, ulihitaji kati ya mikromoli 10 na 1000 za fotoni kwa mita ya mraba (mikromoli ni kipimo cha idadi ya fotoni, na nanomoli ni sehemu yake moja ya elfu), wakati mwitikio wa fitokromu A ulitosheka na kati ya nanomoli 1 na 100, tena kwa mawimbi yote kuanzia urujuanimno hadi mwekundu wa mbali. Tofauti hiyo ni ya mara elfu kumi.

Inafaa kuzitazama tarakimu hizi kwa makini, kwa sababu jicho halituambii chochote kuzihusu. Jua kali la mchana hutoa takriban mikromoli 2000 kwa mita ya mraba kila sekunde, kwa hiyo nanomoli 100 ni sawa na sehemu moja ya 20,000 ya sekunde ya jua hilo. Tuchukue sasa taa hafifu mno, inayotoa mikromoli 0.01 tu kwa sekunde. Mtu akifanya kazi chini yake kwa dakika 5, visahani vimepata mikromoli 3, yaani nanomoli 3000. Ni kweli kwamba fitokromu hunasa kijani kwa udhaifu ukilinganisha na mwekundu, lakini kunasa kidogo si kutonasa, na kwa kitambuzi chenye kizingiti cha nanomoli, sehemu ndogo ya 3000 inatosha. Taa ya kijani ilichaguliwa zamani kwa sababu jicho la binadamu huona kijani vizuri kuliko rangi nyingine, hivyo mtu anaweza kufanya kazi kwa mwanga mdogo. Usalama wake ulitokana na jicho la mtumiaji na udhaifu wa fitokromu B. Fitokromu A haikuwamo katika hesabu hiyo.

Kwa nini basi mwekundu wa mbali, ambao hufuta Pfr, uliziamsha mbegu? Hapa ndipo palipo na jambo ambalo napenda kila anayefundisha somo hili alikazie. Mawimbi yanayonaswa na Pr na yale yanayonaswa na Pfr hayajitengi kabisa, yanaingiliana. Mwekundu wa mbali huisukuma Pfr kurudi Pr, lakini wakati huohuo husukuma Pr kidogo kwenda Pfr, na mizani hutulia pale ambapo asilimia 2 au 3 hivi ya fitokromu yote iko katika Pfr. Kwa fitokromu B, asilimia hiyo ni ndogo mno kuweza kuamuru kuota, na ndiyo sababu twasema kwamba imefutwa. Kwa fitokromu A iliyojilimbikiza kwa siku mbili, asilimia hiyohiyo ni zaidi ya kinachohitajika. Mwanafunzi alipomimina mwekundu wa mbali juu ya mbegu za saa 48, alizizimia fitokromu B na kuziwashia fitokromu A kwa tendo moja. Mwitikio wa A haugeuziki kwa mwekundu wa mbali kwa kuwa hakuna mwanga unaoweza kuishusha Pfr yake chini ya kizingiti.

Baada ya hapo njia za fitokromu hizo mbili hukutana. Pfr huingia katika kiini cha seli, ile ya fitokromu A ikisaidiwa na protini FHY1 na FHL, na humo hukutana na PIF1, protini inayoizuia mbegu kuota. Gizani PIF1 huziweka chini jeni zinazotengeneza jibereli, homoni inayoiamsha mbegu, na huinua kiwango cha asidi ya abisisi, homoni inayoilaza. Huziamsha pia jeni za protini za DELLA, ambazo hukaza zaidi breki hiyo. Pfr ikiishika PIF1, PIF1 hutiwa alama na kuvunjwa na proteasomu, mtambo wa seli unaovunja protini, ndani ya dakika chache. Jibereli hupanda, DELLA huvunjwa, tishu inayokizunguka kiinitete hulegea na mzizi mchanga hutokeza.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliongeza kwamba fitokromu hizo mbili zinafanya kazi pia mahali tofauti: B hutawala mapema katika endospamu, ile tishu inayokizunguka kiinitete, ambayo B ikizimwa humimina asidi ya abisisi kuelekea kiinitete, na A hufanya kazi baadaye ndani ya kiinitete chenyewe, ambako huweza kuishinda amri hiyo ya kulala. Hili linaoana kabisa na kisa chetu, ambamo mwekundu wa mbali wa saa za mwanzo ulilaza na ule wa saa 48 ukaamsha.

Unyeti wa kiasi hiki una kazi yake katika udongo. Mbegu iliyofukiwa kwa muda mrefu hujaza fitokromu A, na udongo ukipinduliwa, mwanga wa sekunde moja au chini yake huwa ni habari kwamba uso wa ardhi uko karibu na mimea iliyokuwa juu imeondolewa. Watafiti wa magugu wamewahi kulima usiku kwa kutegemea jambo hilo, na kwa baadhi ya spishi magugu yalipungua, ingawa matokeo hutofautiana sana kutoka shamba hadi shamba.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichokwama

Visahani vya fundi ambavyo havikuguswa vilifaa kuliko hatua nyingine yoyote. Thamani yake ilitokana na kwamba vilipata kila kitu ambacho vingine vilipata isipokuwa mkono wa mtafiti. Kundi la ulinganisho rasmi liliitwa la gizani, lakini kwa kweli lilikuwa kundi la giza pamoja na kufunguliwa, na jina lililifunika hilo kwa wiki kadhaa. Ukaguzi wa taa nao ulifaa, hasa kwa kuwa ulifanywa kabla ya kutunga nadharia. Na kutumia mbegu zilizokosa jeni kulikata mjadala ambao vipimo vya mwanga pekee vingeuendeleza bila mwisho.

Kilichokwama kwanza ni kubadilisha mambo mawili kwa pamoja. Kama saa 48 zingeingizwa bila kufungua visahani, kundi la gizani lingelala na tofauti ingejitokeza siku taa ilipoingia. Lakini nadhani kasoro kubwa zaidi ilikuwa neno salama, ambalo lilikuwa limebandikwa kwenye taa bila kipimo wala masharti. Taa hiyo ilikuwa salama kweli kwa mbegu ya saa 3. Haikuwa salama kwa mbegu ya saa 48, wala isingekuwa salama kwa mche uliokulia gizani, ambao nao umejaa fitokromu A na una kriptokromu zinazopokea mwanga wa buluu.

Utaratibu mpya wa maabara unataka kila daftari la majaribio liandike vitu vitatu badala ya neno giza: saa ambazo mbegu zimeloweka hadi kila tendo, mwanga wowote uliozifikia ukiwa umepimwa kwa mikromoli kwa mita ya mraba pamoja na urefu wa mawimbi yake, na idadi ya visahani ambavyo havikufunguliwa kabisa. Visahani hivyo vya mwisho huhesabiwa na mtu mwingine ambaye hajui vinatoka kundi gani.